Kipaji, Kadari na Kifundo cha Mguu

Miongoni mwa maneno ambayo watu wema huyasema kwa nia njema, na ambayo hata hivyo yastahili kupimwa kabla ya kukubaliwa, ni yale yasemwayo mbele ya mtu aliyepotewa na kitu kikubwa: kwamba Mwenyezi Mungu hakumnyima, bali alikuwa akimtayarishia jambo lililo bora zaidi. Husemwa kwa mfiwa, husemwa kwa tajiri aliyefilisika, na katika miaka hii yamesemwa sana, tena na mashabiki wa kandanda wa kila dini, juu ya Jack Wilshere, kiungo wa Uingereza ambaye maumivu ya mguu yalimkatiza mchezo kabla ya wakati wake, na ambaye, siku chache tu baada ya kutangaza kwamba hachezi tena, alikabidhiwa kikosi cha vijana wa Arsenal walio chini ya umri wa miaka 18 ili awe mwalimu wao. Basi wakasema: tazameni hekima ya Mola, mguu ulivunjika ili mwalimu apatikane. Nimeyatafakari maneno hayo kwa muda mrefu, na kadiri nilivyoyatafakari ndivyo nilivyozidi kuona kwamba hayamtendei haki mtu huyo, wala hayamtukuzi Mungu kwa kiasi wanachodhani wasemaji.

Wilshere alizaliwa Stevenage, kaskazini ya London, tarehe 1 Januari 1992. Alianza katika akademia ya Luton Town, na alipokuwa na umri wa miaka tisa akachukuliwa na Arsenal. Mwezi wa Septemba 2008, akiwa na miaka 16, aliingizwa uwanjani dhidi ya Blackburn Rovers, akawa mdogo kuliko wote waliopata kuichezea Arsenal mechi ya ligi hadi siku ile. Mwaka uliofuata alikuwa katika timu ya vijana iliyotwaa Kombe la FA la Vijana kwa kuishinda Liverpool. Mwaka 2010 aliazimwa Bolton Wanderers kwa nusu msimu ili akomae, na mwezi wa Agosti wa mwaka huo huo akavaa jezi ya taifa lake kwa mara ya kwanza. Hayo yote ni mema, lakini wapo vijana wengi waliopata mfano wa hayo na leo hawakumbukwi.

Usiku uliomtambulisha ulikuwa ule wa tarehe 16 Februari 2011. Barcelona ya wakati ule, yenye Xavi, Iniesta na Busquets katikati ya uwanja, ilikwenda London kucheza na Arsenal, na wengi wa watazamaji, pamoja na wale waliobanana katika vibanda umiza vya Dar es Salaam na kumbi za video za Mombasa, walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba kazi ya timu yoyote iliyokutana na hiyo ni kuutazama mpira ukipita. Kijana wa miaka 19 hakuwafuata katika shauri hilo. Alikuwa akiupokea mpira hali amewapa mgongo adui zake, jambo ambalo viungo wengi huliogopa na kuliepuka kwa kuurudisha mpira kwa beki, naye kwa mguso mmoja wa mguu wa kushoto akageuka, na yule aliyekuja kumkaba akapitiliza, na papo hapo uwanja mzima ukawa mbele ya macho yake. Barcelona ndio waliotangulia kufunga kwa David Villa. Robin van Persie akasawazisha katika dakika ya 78. Na dakika tano baadaye mpira ukatoka miguuni mwa Wilshere kwenda kwa Fàbregas, Fàbregas akaupeleka mbali kwa Nasri, Nasri akaurudisha katikati, na Arshavin akamaliza. Arsenal wakashinda kwa mabao 2 kwa 1.

Nimekaa kidogo juu ya mguso ule wa kugeuka kwa sababu ndani yake imo hoja nitakayoileta. Wepesi wa mguu pekee hautoshi kuueleza mguso kama ule. Mtu hawezi kuugeuza mpira upande usio na adui kama hakujua kabla ya mpira kufika kwamba upande huo hauna adui, maana yake alikuwa amekwisha kutazama begani, amekwisha kuhesabu, amekwisha kuamua, na mguu ulipewa amri iliyokuwa tayari. Kwa mtazamaji, kipaji kile kilikuwa mguuni. Nadhani sehemu yake iliyo kubwa ilikuwa mahali pengine.

Miezi michache baadaye, katika mechi za matayarisho ya msimu, kifundo cha mguu kilianza kumuuma. Msimu mzima wa 2011 na 2012 ukapita bila yeye kucheza. Alirudi Oktoba 2012, na kwa muda ilionekana kama kwamba dhiki imekwisha. Mwaka mmoja baadaye, dhidi ya Norwich City, alipasiana na wenziwe Cazorla na Giroud kwa mguso mmoja mmoja mbele ya walinzi waliosimama kama waliofungwa kamba, mpaka Giroud akaunyanyua mpira kidogo na yeye akaupiga ungali hewani, bao ambalo wengi walilihesabu kuwa bora la msimu ule. Yakafuata majeraha mengine, na mengine tena. Alikuwa katika vikosi vilivyotwaa Kombe la FA mwaka 2014 na 2015, akaazimwa Bournemouth, akavunjika mguu Aprili 2017, akaondoka Arsenal mwaka 2018 baada ya mechi 197, akaenda West Ham, akarudi Bournemouth, akakaa miezi mingi bila klabu yoyote, akacheza miezi michache katika AGF ya Denmark, na Julai 2022, akiwa na miaka 30, umri ambao viungo wenye akili huwa ndio kwanza wanafikia ukamilifu wao, akatangaza kwamba amekoma. Timu ya taifa alikuwa ameichezea mara 34.

Sasa turudi kwa wale wasemao kwamba mguu ulivunjika ili mwalimu apatikane. Swali la kwanza nililo nalo kwao si la kitheolojia. Ni la mtaani. Hakuna mji wa pwani yetu, kutoka Lamu hadi Lindi, usio na mzee au kijana wa makamo ambaye wenziwe wakimwona hukumbushana jinsi alivyokuwa akilitawala dimba la kati, mpaka goti likapinduka katika kiwanja cha mchanga, na hapakuwa na daktari wa kulipasua wala fedha ya kumsafirisha kwa daktari. Akachuliwa kwa mafuta, akafungwa kitambaa, na tangu hapo anachechemea. Wachache kati yao wanafundisha watoto jioni, tena bilashi. Wengi wao hawafundishi; wanauza mkaa, wanapakia magunia, au wamekaa barazani. Goti la mtu huyo lilivunjika ili nini kipatikane? Mwenye kusema kwamba kila pigo lina jaza yake iliyo dhahiri hapa duniani itambidi ama amwambie mtu huyo kwamba jaza yake imepotea njiani, ama amwambie kwamba hakustahili kupata. Mafundisho yanayowaliwaza waliokwisha kupata cha kuwaliwaza, na kuwaacha wengine wakiwa na uchungu wao pamoja na tuhuma juu yake, hayawezi kuwa ndiyo njia ya rehema.

Tena, kusoma nia ya Mwenyezi Mungu kwa kutazama matokeo ni kudai elimu ya ghaibu bila kujitambua. Kuamini kadari ni nguzo kwa Mwislamu, na kuamini maongozi ya Mungu ni nguzo kwa Mkristo, wala siandiki haya ili kuitikisa nguzo yoyote. Lakini kuamini kwamba jambo limo katika elimu ya Mungu ni kitu kimoja, na kudai kwamba mimi nimeijua sababu yake ni kitu kingine, na umbali ulio baina ya viwili hivyo ni umbali ulio baina ya unyenyekevu na majivuno. Katika kisa cha Ayubu kama kilivyo katika Biblia, wale rafiki zake waliomjia na kila aina ya maelezo juu ya msiba wake, maelezo ambayo ukiyasoma moja moja yanaonekana ya uchaji mwingi, ndio waliokemewa mwishoni. Naye aliyelia, akauliza, akakataa kuelezwa, ndiye ambaye ilinenwa juu yake kwamba amesema vema. Na ingawa alipata watoto wengine saba wa kiume na watatu wa kike, kisa hakidai popote kwamba hawa ndio malipo ya wale waliofunikwa na nyumba iliyoanguka. Waliokufa walikuwa watu, na mtu halipwi kwa mtu.

Kadhalika miaka ya mchezo ambayo Wilshere aliikosa hailipwi kwa kazi ya ualimu, hata ikawa njema kiasi gani. Nafahamu kwamba neno hili ni zito kwa wapendao hadithi zenye mwisho uliopangika, walakini nadhani heshima yetu kwa mtu huanza pale tunapokubali kwamba alichopotewa nacho kilikuwa kitu, na kwamba kimepotea. Yeye mwenyewe alipata kueleza hadharani, wakati wa ile miezi ya kukosa klabu, kwamba watoto wake walikuwa wakimwuliza kwa nini hakuna timu inayomtaka. Baba aliyekuwa akishangiliwa na maelfu amewekwa mbele ya swali hilo nyumbani kwake, nasi tuliokaa mbali twataka kumwambia kwamba lilikuwa ni sehemu ya mpango wa kumnufaisha. Lau angetuambia maneno hayo yeye, tungeyasikiliza kwa taadhima, kwa kuwa ni haki ya mwenye msiba kuufasiri msiba wake. Kwetu si haki.

Basi ikiwa ualimu wake si fidia, ni nini? Hapa ndipo linaponijia wazo la amana, ambalo wanazuoni wetu walilishughulikia kwa uangalifu mkubwa zaidi kuliko sisi tunaolitumia kila siku katika hotuba. Kipaji ni amana, twasema, na husema hivyo ili kumtisha kijana mvivu. Lakini mafakihi walipoandika juu ya amana waliweka sharti moja la insafu ambalo hatulitaji: kwamba aliyewekewa amana, ikiwa kitu kimeharibika mikononi mwake pasipo uzembe wala kuvuka mpaka, hadaiwi. Hana dhamana juu ya kilichoangamia kwa amri isiyo yake. Wako waliosema kwamba Wilshere alichezeshwa mno akiwa mwili wake haujakomaa. Ikiwa ni kweli, hilo ni deni la waliokuwa wakubwa kwake, na wala si la kijana aliyekuwa akiitwa na kuitika. Yeye kwa kile kilichoharibika ameachiliwa huru. Lakini sharti hilo hilo lina upande wa pili: kilichobaki kizima katika amana bado ni amana, na bado chatakiwa kufikishwa kwa mwenyewe.

Nacho kilichobaki kizima ni kile nilichokitaja juu ya usiku wa Barcelona. Kifundo cha mguu hakikuweza tena kuitii amri, lakini jicho lililokuwa likitazama begani, na akili iliyokuwa ikihesabu nafasi kabla mpira haujafika, havikuwa na jeraha lolote. Huo ndio msingi wa maoni yangu, na laiti ningeweza kuuandika kwa herufi kubwa: mwalimu hakuletwa na jeraha. Alikuwamo ndani ya mchezaji tangu hapo, na angalikuwamo hata kama mguu ungalibaki mzima hadi miaka 38. Kwa hiyo wasemao kwamba Mungu alichukua kipaji kimoja akatoa kingine wamehesabu viwili palipo na kimoja. Kipaji ni kile kile. Njia yake moja ya kutokea iliziba, naye mwenye amana akatafuta nyingine.

Naweza kujibiwa kwamba ile miezi mirefu ya kukaa jukwaani ndiyo iliyomfunza kuutazama mchezo kwa jicho la kocha, na hivyo jeraha lilikuwa na mchango wake. Sikatai kwamba anayekaa nje huona mengi. Ila wapo wengi waliokaa nje muda kama huo na wakajifunza uchungu tu, wakawa watu wa kuwasimanga vijana na kuwahesabia fedha zao. Mkao wa jukwaani ni ule ule. Kilichotofautisha ni hiari ya aliyekaa. Katika kipindi alichokuwa hana klabu, Arsenal walimruhusu kufanya mazoezi kwao, naye akautumia wasaa huo kusaidia vijana wa akademia huku akisomea vyeti vya ukocha, hali bado akitumaini kucheza. Kitendo hicho ni chake. Kumpokonya kitendo hicho na kukihesabu kuwa cha jeraha ni dhuluma ndogo, lakini ni dhuluma.

Yupo mtu wa zamani ambaye simulizi yake hunijia kila nifikiripo juu ya mambo haya, naye ni Imamu Ghazali. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, kilele cha cheo kwa mwanachuoni wa zama zile, ulimi wake ulifungika. Ameandika mwenyewe kwamba alijitahidi kufundisha, hata kwa ajili ya kuwaridhisha wanafunzi wake kwa siku moja tu, wala neno halikutoka. Chombo kile kile alichokuwa akikifanyia kazi ndicho kilichomkataa. Akaiacha Baghdad, akazunguka Sham na Hijazi, na baada ya miaka kama kumi na mmoja akafundisha tena huko Nishapur. Lakini akatahadharisha kwamba, ingawa machoni pa watu amerudi kwenye ualimu, yeye hajioni kuwa amerudi, kwa sababu hapo kwanza alifundisha elimu ambayo mtu hujipatia cheo kwayo, na sasa anafundisha elimu ambayo kwayo cheo huachwa.

Simfananishi mcheza mpira na Ghazali, Hujjatul Islam, kwa daraja. Nachukua tofauti moja tu aliyoionyesha, nayo ni kwamba kazi yaweza kuwa na umbo lile lile na nia ikawa imegeuka. Wilshere alirudi katika akademia ile ile iliyomlea, kwenye mashindano yale yale, hata kwenye kombe lile lile alilolitwaa mwaka 2009. Msimu wake wa kwanza aliwafikisha vijana wake fainali ya Kombe la FA la Vijana, na tarehe 25 Aprili 2023, katika uwanja wa Emirates, mbele ya watu wao, Arsenal walitangulia kufunga kisha wakafungwa na West Ham mabao 5 kwa 1. Angekuwa amerudi ili kukidai kile alichonyang'anywa, ili vijana waishi kwa niaba yake maisha ambayo yeye hakuyamaliza, fainali ile ingekuwa ni kunyang'anywa mara ya pili. Kila mmoja wetu amepata kumwona kocha wa namna hiyo, akipiga kelele ukingoni mwa kiwanja kana kwamba mtoto wa miaka 12 aliyekosa pasi amemwibia. Yule asiyedai chochote hupoteza fainali, akasikitika kama watu wasikitikavyo, na siku ya pili akawa na kazi ya kufanya.

Na kazi yenyewe ina ugumu ambao sidhani hupewa uzito wake. Aghalabu ya vijana waingiao akademia hawafiki kikosi cha kwanza, na kila kocha wa vijana anajua, anapowapanga mistari kwa ajili ya mazoezi ya asubuhi, kwamba wengi wa walio mbele yake wataambiwa siku moja kwamba hawahitajiki tena. Ni kweli kwamba miongoni mwa waliopita katika kikosi chake walikuwamo Ethan Nwaneri, aliyeingizwa dhidi ya Brentford mnamo Septemba 2022 akiwa na miaka 15 na siku 181, umri mdogo kuliko wa mchezaji yeyote aliyepata kucheza Ligi Kuu ya Uingereza hadi siku hiyo, na Myles Lewis-Skelly, ambaye Machi 2025 aliifungia Uingereza bao katika mechi yake ya kwanza. Lakini sifa za hao ni zao, na za walimu wengi waliowalea tangu utotoni, wala mwalimu hapimwi kwa wawili waliofika akasamehewa wale ishirini wasiofika. Hao wengine wamefundishwa nini, na cha nini, ikiwa kuugeuza mpira kwa mguso mmoja hakutawafaa kitu katika maisha watakayoishi?

Hapa mwalimu aliyepitia yale aliyopitia Wilshere ana neno ambalo mwingine hana. Vijana huambiwa kwamba wakijitahidi watafika, na kwamba wakifika watakuwa salama. Yeye alijitahidi, akafika, akageuka mbele ya Busquets katika usiku uliotazamwa na dunia, na hakuwa salama. Kusimama kwake mbele yao kunaivunja ahadi hiyo ya uongo kabla hajafungua kinywa. Ikiwa hata baada ya hayo bado anawafundisha kutazama begani kabla ya kupokea mpira, kwa bidii na kwa mapenzi, basi itakuwa jambo hilo lina thamani isiyongoja matunda: kwamba kulifanya jambo kwa ukamilifu wake, wakati ule ambao umejaaliwa kulifanya, ni ibada iliyotimia yenyewe, ikafuatwa na malipo au isifuatwe. Kijana wa miaka 17 atakayeachwa mwezi wa Mei hakupoteza miaka yake ikiwa alifunzwa hivyo. Ameipoteza ikiwa alifunzwa kwamba kila zoezi ni rehani ya mkataba.

Oktoba 2024 Wilshere aliwaacha vijana wake, akaenda Norwich City kuwa mmoja wa makocha wa kikosi cha kwanza, na mwaka uliofuata, mwezi ule ule wa Oktoba, akafanywa kocha mkuu wa Luton Town, iliyokuwa imeshuka hadi daraja la tatu, klabu ile ile aliyoichezea kabla ya kutimiza miaka tisa. Tayari wako wanaosema kwamba hili nalo liliandikwa, na kwamba sasa hekima yote imedhihiri. Sina ugomvi na imani ya kuwa liliandikwa, kwa kuwa ndiyo imani yangu mimi pia. Ninachowaomba ni kwamba wakumbuke desturi ya kazi hiyo, ambayo makocha wengi huiacha kwa kufukuzwa, tena wengine kabla ya mwaka kutimia. Na ikiwa siku hiyo itamfikia naye, waseme kwa sauti ile ile kwamba hilo pia liliandikwa, kisha wajizuie wasianze tena kumtafutia sababu.